Mdogo wangu karudi Pemba kutoka soba (nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya), huu mwezi wa 14 hajagusa unga (heroini). Naeleza tulivyoishi naye

Dada Mkubwa wa Micheweni (mleta uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi.

Wiki iliyopita jirani yetu, mama wa makamo, alisubiri watu watoke Isha, kisha akaja kwa mlango wa uani. Hakutaka kukaa. Alisimama na buibui lake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, yule mdogo wako mlimfanyaje?" Mwanawe anavuta. Kijiji kizima tunajua, naye miaka miwili anabeba siri iliyokwisha kuwa si siri. Nilimkalisha, tukazungumza mpaka saa tano. Nilipolala nikawaza ni mama wangapi huku mashamba wanazunguka na swali hilo na hawana mlango wa kubisha. Ndiyo maana naandika, na naomba wenye ujuzi mnisahihishe.

Mdogo wangu ni mvuvi. Unga hakuuanzia kijijini, aliuanzia dago. Kwa wasiojua, wavuvi wetu wa Pemba huhama kufuata samaki, wakapiga kambi upande wa Tanga au Mombasa, mwezi, hata miwili mitatu. Kule mtu analala ufukweni na pesa anayo kila siku. Mama hayuko, sheha (kiongozi wa mtaa) hayuko, mke hayuko. Walianza kumpa kokteli, unga uliochanganywa na bangi ndani ya sigara, wakamwambia utaondoa machofu. Aliporudi sisi tuliona usingizi tu, na kukonda. Halafu vitu vikaanza kutoweka kimoja kimoja. Redio. Nyavu. Mwisho mashine ya boti ya ami yetu.

Makosa yetu nayasema wazi ili mtu asiyarudie. Ami alishauri tumfungie chumbani mpaka arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, iishe. Tukamfungia. Usiku wa kwanza ni miayo na makamasi, wa pili anatapika, anaharisha, vinyweleo vimesimama, analia mifupa kama mtoto mdogo. Mama alikuwa nje ya mlango na tasbihi, mie niko skuli nasomesha watoto wa watu huku akili haipo. Siku ya sita akanyanyuka, akaoga, akala. Tukachinja kuku, tukaita watu, tukasoma dua ya shukrani. Siku ya tisa alikutwa nyuma ya banda la makuti anakoroma, midomo imekuwa ya kijivu. Tulimmwagia maji mpaka akafumbua macho. Na mie dada yake, badala ya kushukuru, nilimwambia hana haya.

Baada ya hapo tukapata habari za soba hausi za Unguja. Akakaa miezi sita. Pale wana ratiba: kuamka mapema, usafi, vikao, hatua 12 za kuacha, na wanaomsimamia ni watu walioacha wenyewe. Mchango wa kila mwezi ulitoka kwenye mshahara wangu na karafuu za mama. Sijutii hata shilingi.

Ila jambo ninalotaka kulisema hasa ni hili: kule soba walimfundisha kila kitu isipokuwa kuishi kwetu. Na sisi hakuna aliyetufundisha kuishi naye.

Nilimpokea bandarini Mkoani. Ndani ya gari kuelekea kaskazini, kabla hatujafika Chake, mtu kiti cha nyuma alishasema, "Huyu si yule teja?" Mjini mtu akiacha hushauriwa ahame mtaa, abadilishe maskani. Kijijini utahamia wapi? Njia ya kwenda pwani ni moja, na inapita mbele ya nyumba ya anayeuza. Mdogo wangu alikuwa akizunguka kwa juu, katikati ya mihogo, nusu saa zaidi, ili asipite pale. Mwezi wa kwanza niliona ni uoga. Sasa naona ilikuwa ndiyo kazi yake kubwa ya siku.

Jingine lilikuwa usingizi. Miezi ya mwanzo halali. Anatembea usiku. Na ule ulikuwa msimu wa karafuu, watu wameanika majamvini, mwenye kutembea usiku ni mwizi tu, hana jina jingine. Gunia moja lilipotea kwa jirani wa juu, vijana wakaja kwetu saa nane usiku na fimbo. Gunia lilionekana kesho yake, lilikuwa limechukuliwa kimakosa na mpakiaji. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Asubuhi ile mdogo wangu alikaa barazani amevaa vizuri, mkoba pembeni, ananiambia narudi Unguja. Nilimwomba siku tatu. Nikaenda kwa sheha, nikamweleza habari ya usingizi kama ninavyowaeleza hapa, kwamba ni sehemu ya maradhi na utapita. Mzee wa watu alinisikiliza. Yeye ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye dau la dagaa, wale wanaovua na taa usiku wa giza. Mtu asiyelala akapata kazi ya wasiolala.

Na pesa. Kuchuma karafuu unalipwa kwa pishi, jioni, mkononi. Yeye mwenyewe aliniambia: "Dada, nikishika noti jioni mkono unawasha." Akamwomba mwenye shamba aandike kwenye daftari, amlipe kwa wiki, na anipe mie. Nilikuwa nampa ya sabuni, vocha na nauli, nyingine ikakaa. Baada ya miezi minne akasema sasa nipe daftari langu. Mkono ulinitetemeka lakini nikampa.

Nitaendelea. Naomba michango yenu.

Muuguzi Mstaafu

Mwalimu, wa alaykumu ssalaam. Umeandika jambo ambalo sidhani unajua uzito wake, kwa hiyo niruhusu nianze hapo.

Ile siku ya tisa nyuma ya banda, mdogo wako alikuwa anakufa. Mtu anayetumia unga kila siku mwili wake huzoea kipimo kikubwa. Akikaa siku kadhaa bila kutumia, mazoea yale yanashuka haraka, lakini kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Akirudi kutumia kile kile, pumzi inasimama. Ndiyo maana wengi hufa wakitoka kufungiwa, wakitoka jela, au wakitoka soba na kuteleza mara moja tu. Kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo ya kijivu au buluu, mboni ya jicho ndogo kama ncha ya sindano: huyo halali. Usimmwagie maji, usimpe maziwa wala maji ya chumvi, atapaliwa. Mlaze ubavu kama anapumua. Kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni, na wakati huo huo mwingine atafute gari. Hospitali wanatakiwa waambiwe wazi kuwa ni unga, kwa sababu ipo dawa inayoitwa naloksoni inayorudisha pumzi kwa dakika chache. Inaweza kuisha nguvu kabla ya unga wenyewe, hivyo mgonjwa akizinduka asikimbizwe nyumbani.

Kuhusu kufungia. Arosto ya unga huanza kiasi cha saa 8 mpaka 24 baada ya kete (kifuko cha unga) ya mwisho, siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali, na inaweza kwenda siku 4 mpaka 10. Inatesa sana lakini kwa kawaida haiui, mradi anywe maji ya kutosha, lita 2 hadi 3 kwa siku, kwa sababu anatapika na kuharisha. Hatari ni kwa wanaokunywa gongo kila siku au kumeza vidonge vya usingizi kama valiamu. Hao ukiwakatisha ghafla wanaweza kupata degedege na kufa. Na vijana wengi wanachanganya. Familia haiwezi kujua kachanganya nini, kwa hiyo msimfungie mtu bila kuonwa na mtaalamu.

Mashine Yangu Iko Wapi

Nasoma haya yote na moyo wangu mgumu, nisameheni. Mie ni mvuvi wa Pemba, mashine yangu ya boti iliibiwa na kijana wa aina hii. Miaka mitatu navua kwa kasia. Watoto wangu wawili waliacha skuli msimu ule. Kila siku nasikia tuwahurumie waathirika, tuwaite kwa majina yao. Mimi aliyeniathiri nani?

Dada Mkubwa wa Micheweni

Kaka yangu, huna haja ya kuomba msamaha. Ami yetu yuko kama wewe. Mpaka leo hasemi na mdogo wangu. Wakikutana njiani salamu inajibiwa, basi, kwa kuwa salamu ni wajibu.

Mdogo wangu anamlipa. Elfu ishirini kila mwezi, anampelekea mama, mama anampelekea ami. Ukipiga hesabu ya bei ya mashine utaona itachukua miaka mingi. Mie nilidhani akilipa mara tatu nne ami atalegea, nikamwambia hivyo. Hakulegea, na mdogo wangu akanijibu, "Dada, silipi ili anisamehe. Nalipa kwa sababu ni yake." Sikuwa na la kusema. Nadhani kijiji kinakosea pande zote mbili hapa. Tunawataka walioibiwa wanyamaze kwa sababu mtu kapona, au tunamtaka aliyepona asifanye kazi kwa sababu ana deni. Sasa atalipa na nini?

Watoto wako warudi skuli, tafadhali. Kama uko wilaya yetu nitumie ujumbe pembeni, nione kama naweza kusaidia upande wa walimu.

Abiria wa 310

Natokea Makunduchi. Mie sikwenda soba, niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga, pale hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja. Kliniki ile ilianza 2015, nimo humo huu mwaka wa tano.

Watu wa mjini hawaelewi ugumu wake kwa mtu wa shamba. Dawa ni ya maji, unakunywa dirishani mbele ya muuguzi, kila siku. Jumamosi, Jumapili, sikukuu. Daladala yangu ni ya alfajiri. Naondoka nyumbani kuna giza, narudi mchana, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu. Kazi gani ya Makunduchi itakusubiri mpaka mchana? Nilipoteza kazi ya ujenzi, nikapoteza ya hotelini. Waliobaki nami ni watu wawili: mama, na dereva mmoja ambaye akiona sina nauli ananiambia panda tu. Yule dereva hana cheti chochote lakini kwenye uhai wangu ana fungu.

Halafu unafika nyumbani unaambiwa, "Umeacha unga wa kete umehamia unga wa kikombe." Nimelisikia kutoka kwa jamaa zangu, na, naumia kusema, kutoka kwa waliopitia soba pia. Mie nilienda soba ya kichwani mwangu mara sita, nikaacha peke yangu mara sita, nikarudi mara sita. Tangu nianze kikombe nimemuoa mwanamke, nina mtoto anasoma chekechea.

Muuguzi Mstaafu

Hilo la "unga wa kikombe" naomba liishie hapa. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, haimpandishi mtu na kumshusha kama unga, na haipiti kwenye sindano ya kuazimana. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Wapo wanaoihitaji mwaka, wapo wanaoihitaji miaka mingi, kama mwenye presha na dawa yake. Soba imewafaa wengine. Mwenye kupona kwa njia moja asiifunge njia ya mwenziwe.

Angalizo kwa Abiria na wenzake: ukikosa dawa siku tatu au zaidi, usidai kipimo chako cha zamani. Mweleze muuguzi, ataanza chini. Sababu ni ile ile ya mwili kusahau.

Na sindano. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwaka 2012 ulikuta kiasi cha watu 11 katika kila 100 wanaojidunga wana virusi vya ukimwi, wakati kwa wananchi kwa jumla ni kama mmoja katika 100. Kwa hiyo anayerudi nyumbani apimwe ukimwi na homa ya ini, na mkewe apimwe. Dawa zipo.

Binti Mwani

Wanaume mmesema sana, nami nataka kusema kuhusu dada zetu kidogo. Mtoto wa kiume akivuta hupelekwa soba. Wa kike akivuta huozwa haraka, kwa mtu wa mbali, kabla habari haijaenea. Nalijua kwa sababu tuliozwa pamoja wiki moja, mie na yeye, na yeye aliozwa kwa ajili hiyo. Mume alipogundua alimrudisha na kibegi. Sasa hayuko kijijini na hakuna anayeuliza yuko wapi. Sisi tunaolima mwani tunakaa majini saa nyingi, tunazungumza yote, jina lake tu ndilo hatulitaji. Nimelitaja jana kwa mara ya kwanza. Wenzangu wawili walianza kulia, kumbe kila mmoja alikuwa akimuwaza. Tumeamua kumtafuta.

Mwalimu wa Chuo

Assalamu alaykum. Mie nasomesha chuo cha Qurani na huwa napewa hutba baadhi ya Ijumaa. Nakiri kwamba nimewahi kusimama juu ya mimbari nikawataja "mateja" kama uchafu wa mtaa, na ndugu zao wameketi safu ya pili wameinamisha vichwa. Nilijua wapo. Nilidhani nakemea maovu.

Familia nyingi huja kwetu kwanza, kabla ya hospitali. Wanataka kombe, wanataka kisomo, wengi wanaamini kijana karogwa. Sikatai kusoma, dua ni silaha yetu. Ila siku hizi nasoma na baada ya kusoma nawaambia: kesho hospitali, na nitakwenda nanyi. Nikienda nao hawaoni haya. Kanzu na kofia yangu zinawafichia aibu yao, na kama zina kazi nyingine bora kuliko hiyo sijui.

Nina swali kwa Muuguzi. Ramadhani ikija, hawa wa kikombe wanafanyaje? Kuna kijana aliacha dawa ili afunge, siku ya kumi akarudi kwenye unga.

Muuguzi Mstaafu

Sheikh, ahsante kwa swali. Kwa kuwa dawa inakaa mwilini zaidi ya saa 24, mara nyingi kinachohitajika ni kuhamisha saa tu. Azungumze na kliniki yake kabla ya mwezi kuandama, si baada. Na hukumu ya mgonjwa katika saumu unaijua kuliko mie. Ukiisema wewe wataisikia.

Dada Mkubwa wa Micheweni

Nimemsomea mdogo wangu michango yote, amekaa mkekani anasikiliza. Nilipofika kwenye maneno ya Muuguzi kuhusu siku ya tisa, aliniomba nirudie. Kisha akanyamaza muda mrefu.

Ameniomba niongeze mambo mawili. La kwanza kuhusu daftari la pesa. Anasema lilifaa kwa sababu aliliomba yeye. Anao mwenzake wa Wete ambaye familia ilimnyang'anya kila senti bila kumuuliza, wakampekua mifuko mbele ya watoto wake, na siku alipopata upenyo aliutumia kuvuta. Msije mkasoma uzi huu mkaenda kuwapekua watu.

La pili ni vikao. Soba kulikuwa na kikao kila siku, hapa hakuna hata kimoja. Mwezi wa tatu akaanza kuona giza. Msimamizi wake yuko Unguja, wanazungumza kwa simu, lakini mtandao kwetu unashikika juu ya kilima tu, na hamu haikuchagulii saa. Wakatafutana yeye, yule wa Wete, na mwingine wa Konde. Wanakutana Ijumaa baada ya Sala chini ya mwembe wa mzee mmoja aliyewapa ruhusa na jamvi. Siku za mwanzo watu walipita makusudi kuwatazama. Sasa hawapiti, au wakipita wanatoa salamu. Wiki mbili zilizopita walikuwa watano.

Aliteleza mara moja, mwezi wa pili. Sijalisema juu kwa sababu niliona aibu, lakini nikiwaficha nitakuwa sijawafaa. Alirudi nyumbani usiku ule ule, akanigongea, akaniambia, "Nimevuta, usimwambie mama bado, kaa nami." Nilikaa naye mpaka alfajiri. Sikusema neno la haya, nilikuwa nimejifunza. Miezi 14 tunaihesabu kuanzia asubuhi ile.

Abiria wa 310

Dada, huo usiku mmoja ni mkubwa kuliko miezi sita ya mchango.

Yule jirani yako wa mlango wa uani, mwanawe anakwenda wapi?

Dada Mkubwa wa Micheweni

Jumamosi wanavuka na boti ya asubuhi kutoka Mkoani, kijana na mama yake, na mdogo wangu anawasindikiza. Kijana anaumwa arosto tayari kwa woga tu, hajawahi kufika Unguja. Tunataka aonwe na daktari kwanza, apimwe, ndipo ichaguliwe soba au kikombe. Tatizo letu ni pa kulala siku mbili hizo, mama yule hana ndugu mjini.

Abiria wa 310

Mie nitakuwa mjini kila asubuhi kama kawaida. Nikishakunywa dawa nitakuja bandarini Malindi kuwapokea, nitavaa shati la kijani. Mama atalala kwa shangazi yangu Kwamtipura, nimeshampigia, kasema waje na asibebe chakula.